Ukoo wa Negroli, Mafundi Deraya wa Milano

Hii ni habari ya wana wa Gian Giacomo Negroli, wahunzi wa Milano. Kabla yao walikuwapo akina Missaglia, mafundi wa deraya za vita.

Mwenye jina kuu ni Filippo. Nduguye Giovan Battista alifanya kazi naye. Ndugu mwingine, Francesco, alikuwa bingwa wa nakshi za dhahabu. Binamu yao ni Giovan Paolo. Mwaka 1533 Filippo alimfulia Kaisari Charles V chapeo ya nywele za msokoto zilizopakwa dhahabu, na kipande cha kidevuni chenye ndevu na midomo. Kaisari akiivaa, alionekana shujaa wa Roma ya kale. Haikuwa ya vita, kwani bamba laini huutelezesha mkuki na lenye nakshi huunasa. Ilikuwa ya maandamano, raia wamwone mtawala wao na kumcha.

Feleji si laini kama fedha, ukiikosea hupasuka. Filippo aliisukuma kwa nyundo kutoka ndani, akaichonga kwa tindo kutoka nje, nayo ikizidi kuwa nyembamba. Chapeo yake ya 1543, iliyoko Metropolitan Museum, New York, bakuli lake ni bamba moja tu. Utosini amelala mwanamke mfano wa nguva, ameshika kwa nywele kichwa cha Medusa, zimwi wa hekaya za Kiyunani, na fundi ameandika jina lake na la babake.

Wapo wanaoupa mji wa Augsburg, Ujerumani, ukuu, kwa kuwa deraya ambayo mchoraji Titian alimchora nayo Charles V juu ya farasi mwaka 1548 ni ya Desiderius Helmschmid, fundi wa huko. Ni yake kweli. Lakini na waende Madrid, kwenye hazina ya silaha za wafalme, waitazame ngao ambayo Desiderius na sonara Jörg Sigman walimkamilishia Philip, mwana wa Kaisari, mwaka 1552. Humo fahali anamvamia mpiganaji, na kwenye ngao ya mpiganaji huyo pameandikwa NEGROL. Kazi ya kumtukuza mwana wa mfalme, na bado Desiderius akatafuta pembe ya kumpigia hasimu wake! Mbona hakuandika Missaglia? Aliandika jina lililomnyima usingizi.

Turudi kwa Filippo. Vasari, aliyeandika habari za wachoraji na wachongaji wa Italia, alimtaja miongoni mwao, yeye mfua chuma. Filippo alifariki mwaka 1579.