UZI: Ile asilimia 15 ya "usumbufu" ilitoka wapi?

Kila barabara ikipanuliwa huku Nakuru, mabishano ni yale yale: "Si walilipwa bei ya soko na asilimia 15 juu? Sasa wanalia nini?" Nimeyasikia mpaka huku kwetu Kabazi, stejini. Hebu tuifuate hiyo 15.

Serikali ikitwaa shamba lako kwa manufaa ya umma, unalipwa thamani yake sokoni, halafu asilimia 15 ya thamani hiyo kwa usumbufu. Humo ndimo kunapitishwa yote yasiyouzika: majirani mliozoea kukopeshana unga, mtoto kuhama shule, mzee wa miaka 70 kuanza upya kwa wageni.

Unadhani kuna mtu alikuja kuyapima hayo? Namba hii ni ya zamani kuliko Kenya yenyewe. Sheria ya Waingereza kule India, ya 1894, ilimwongezea mwenye ardhi asilimia 15 kwa sababu anauza bila hiari. Sheria hiyo hiyo ikaletwa huku kutwaa ardhi ya reli ya Uganda, iliyofika Nakuru 1900. Kenya huru ikatunga yake 1968: 15. Kanuni za 2017: 15 tena. India wenyewe walishaiacha. Walipanda hadi 30 mwaka 1984, na sheria yao ya 2013 ikaweka 100.

Halafu piga hesabu. Shamba la milioni 1, usumbufu ni 150,000. La milioni 10, ni milioni 1.5. Yaani uchungu wa tajiri ni mara kumi ya wa maskini (na huenda tajiri ana nyumba nyingine mjini). Mpangaji je? Asilimia 15 ya ardhi ipi?

Sisemi tuache kuweka bei. Kisichoandikwa kwenye bajeti huhesabiwa sufuri.

Ila kuna njia nyingine. Mwaka 2022, Mahakama ya Afrika kule Arusha iliamua fidia ya Waogiek waliofurushwa Mau. Hasara ya mali: shilingi 57,850,000. Madhara ya utu na utamaduni: 100,000,000. Majaji hawakuchukua asilimia ya bei ya shamba. Waliyapima madhara yenyewe kwa kigezo cha haki, yakazidi mali. Na juu ya pesa wakaamuru ardhi ipimwe, Waogiek wapewe hati.