Jaji Aliyetaka Kesi Imwepuke

Leo natamani tumtazame jaji mmoja wa Uingereza, William Murray, anayejulikana zaidi kwa cheo chake, Lord Mansfield. Alizaliwa Scone, nchi ya Scotland, mwaka 1705. Alipokuwa kijana wa miaka 13 alipelekwa London kusoma. Akawa wakili hodari, akaingia Bungeni, na mwaka 1756 akawekwa kuwa Jaji Mkuu wa Mahakama ya Mfalme, kiti alichokikalia miaka 32. Wafanyabiashara walimheshimu sana, maana alizinyosha sheria za biashara na za bima ya meli.

Lakini katika siku zile watu nao walikuwa bidhaa. James Somerset, Mwafrika aliyenunuliwa Virginia, aliletwa Uingereza na bwana wake, Charles Stewart, mwaka 1769. Huko London akabatizwa. Mwaka 1771 akatoroka, akakamatwa, akafungwa minyororo melini ili apelekwe Jamaica kuuzwa. Ni nani waliokimbilia mahakamani? Ni wale watu watatu waliosimama naye siku ya ubatizo wake! Waliomba hati ya kumlazimisha nahodha amlete Somerset mbele ya jaji. (Nasi tuliosimamia watoto wa wenzetu, kisha tukanywa chai tukasahau, na tulisikie hilo.)

Mansfield hakuipenda kesi hiyo. Kama Pilato, alitafuta mlango wa kutokea. Aliahirisha tena na tena, akadokeza kwamba Stewart angeweza kuyamaliza mambo kwa kumwacha mtu huyo huru. Ilidhaniwa kwamba Uingereza ina watumwa kama 14,000 au 15,000. Je, wote wakifunguliwa siku moja, mabwana wao watasema nini? Stewart akakataa, maana matajiri wa mashamba ya West Indies walikuwa nyuma yake. Basi tarehe 22 Juni 1772 jaji akatoa hukumu: utumwa ni jambo la kuchukiza mno, hauwezi kusimama ila kwa sheria iliyotungwa wazi, na sheria hiyo Uingereza haipo. Somerset akaenda zake huru.

Hata hivyo tusimsifu kupita kiasi. Alichokataza ni bwana kumtoa mtu nchini kwa nguvu. Hakusema watumwa wote wako huru. Tena mwaka 1783 ililetwa kesi ya meli Zong, ambayo mabaharia wake waliwatupa baharini Waafrika zaidi ya 130, na wenye meli wakadai fedha za bima. Mansfield aliamuru kesi isikilizwe upya, lakini ilibaki kesi ya bima. Hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji.

Na nyumbani kwake, Kenwood, alikuwa akimlea Dido Elizabeth Belle, binti wa mpwa wake, aliyezaliwa na mama Mwafrika mtumwa. Dido alimsaidia mzee huyo kuandika barua zake. Mansfield alipofariki mwaka 1793, wosia wake ulimwachia Dido fedha, na zaidi ya fedha, maneno ya kuthibitisha kwamba yeye ni mtu huru. Aliyetoa hukumu ya Somerset aliona heri jambo hilo liandikwe.