Sindano ya Mizani

Kabla ya kompyuta kutuchorea grafu za ufanisi, Old Moshi tulikuwa na mizani na daftari. Chama cha wakulima wa kahawa, KNPA, kilianza 1925 chini ya Joseph Merinyo, mtu wa huku kwetu. Ushirika wa KNCU ukashika kazi yake 1933. Mimi nilikuja baadaye sana, karani wa chama cha msingi. Mama akishusha gunia, napima, namkatia stakabadhi. Macho yake hayabanduki kwenye sindano, na alikuwa na haki. Kahawa ikishakobolewa mjini, uzito na daraja vilirudi kwenye karatasi. Ganda peke yake hula karibu asilimia 20. Upungufu uliozidi hapo, wazee waliagiza daftari lifunguliwe, tena mbele yao.