Kiti cha Mbunge na Amri ya Chama

Wewe usomaye kurasa hizi huenda umekwisha kusikia kwamba mbunge akikihama chama chake hupoteza kiti. Yafaa ujue kwamba sheria hiyo haikuja pamoja na Uhuru. Ilitungwa mwaka 1966, tena kwa haraka kubwa, na waliotungiwa walijulikana kwa majina.

Mwezi wa Novemba 1964 chama cha KADU kilijivunja, na wabunge wake, Ronald Ngala na Daniel arap Moi wakiwamo, wakajiunga na KANU. Walikuwa wamechaguliwa mwaka 1963 ili waipinge KANU, lakini hapana aliyewaambia warudi kwanza kwa wapiga kura kuomba idhini. Walipokewa kwa furaha, ikasemwa kuwa huo ndio umoja.

Ndani ya KANU kwenyewe umoja haukuwapo. Bildad Kaggia alishikilia kwamba maskini wasio na ardhi wapewe mashamba bila malipo. Serikali ilitaka wayanunue kwa mikopo. Kwa kuwa hakukubali kunyamaza, mwaka 1964 alipoteza cheo chake katika Wizara ya Elimu. Naye alijiona kuwa ndiye mwaminifu, maana alidai kuwa anashika ahadi walizopewa watu kabla ya Uhuru. Hapo ndipo penye fundo la habari hii: ni nani mwenye haki ya kusema msimamo wa chama ni upi? Mkutano wa Limuru wa Machi 1966 ulijibu kwa njia yake. Ulikifuta cheo cha Oginga Odinga cha makamu wa rais wa chama, ukaweka makamu wanane mahali pake. Mwezi uliofuata Odinga alijiuzulu Serikalini, akaongoza chama kipya cha KPU.

Serikali ikasema: hawa walichaguliwa kwa alama ya jogoo, wakimwacha jogoo, na waache kiti. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwani wapiga kura wengi walitazama alama kuliko mtu. Lakini pima mwenyewe: ikiwa ilikuwa haki mwaka 1966, mbona haikuwa haki mwaka 1964? Sheria ilipitishwa mwishoni mwa Aprili, ikawashika hata waliokuwa wamekwisha kuhama. Baadhi yao, walipoona hatari, walitaka kurudi KANU.

Mwezi wa Juni viti 29 vya Baraza la Wawakilishi na Seneti viligombewa upya, na KPU ikapata 9. Odinga alishinda Bondo. Kaggia alishindwa Kandara, na Achieng Oneko akashindwa Nakuru. Wote wawili walikuwa wamehukumiwa Kapenguria mwaka 1953 pamoja na Jomo Kenyatta, ambaye sasa alikuwa rais wa chama walichokihama.

KPU ilipigwa marufuku mwezi wa Oktoba 1969. Kanuni ile haikufa pamoja nayo: itafute katika Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 103.