Kipimajoto na Chungu cha Pombe: Historia ya Upimaji wa Joto katika Upikaji wa Pombe ya Nafaka Wilayani Mpwapwa

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya upimaji wa joto katika upikaji wa pombe ya nafaka wilayani Mpwapwa, katika nyanda za kati za Tanzania. Kipimajoto kilifika katika eneo hili tangu karne ya 19, lakini kwa muda mrefu kilitumika katika shughuli nyingine na si katika chungu cha nyumbani. Makala inatoa hoja kwamba hali hiyo ilitokana na sababu mbili. Kwanza, upikaji wenyewe ulikuwa na alama zake za joto zilizotosheleza mahitaji ya mpishi. Pili, dola iliichukulia pombe ya nyumbani kuwa suala la leseni na marufuku, na haikuiona kuwa ufundi unaostahili kuendelezwa. Mwishoni, makala inaeleza masharti ya kufunga kipimajoto katika chombo cha kupikia, pamoja na mipaka ya faida yake.

1.0 Utangulizi

Uandishi wa historia ya pombe Afrika Mashariki umejikita zaidi katika masuala ya mamlaka. Willis (2002) ameonesha namna unywaji ulivyofungamana na mamlaka ya wazee, ya watawala wa kikoloni na ya serikali zilizofuata. Kwa upande wa Ugogo, Mnyampala (1954) aliandika historia, mila na desturi za Wagogo, naye Rigby (1969) akaeleza jinsi pombe ilivyotumika kukusanya watu katika kazi za pamoja za shamba. Kazi hizo zinatueleza nani alikunywa, lini na kwa sababu gani. Swali ambalo halijapewa nafasi ya kutosha ni la ufundi: mpishi alijuaje kwamba uji umepoa kiasi cha kutiwa kimea?

Swali hilo si dogo katika nchi yenye mvua haba. Ugogo unakumbuka njaa kadhaa, na iliyo kubwa kuliko zote katika kumbukumbu za karne ya 20 ni ile ya Mtunya, iliyofuatia vita vya kwanza vya dunia, wakati majeshi ya pande zote mbili yalipochukua nafaka, mifugo na wapagazi. Katika mazingira kama hayo, pipa moja la pombe lililoharibika ni chakula kilichopotea, na kwa mwanamke anayeuza pombe ni mtaji uliopotea pia. Hivyo basi, ujuzi wa joto ni sehemu ya historia ya chakula.

2.0 Alama za Joto katika Upikaji wa Ujimbi

Pombe ya nafaka, ambayo Wagogo huiita ujimbi, hutengenezwa kwa mtama au uwele. Sehemu ya nafaka hulowekwa, huoteshwa, huanikwa na kusagwa ili kupata kimea. Unga hupikwa ukawa uji. Uji ukipoa kiasi, kimea hutiwa. Baadaye mchanganyiko huachwa uchachuke, kisha huchujwa.

Mpangilio huo una sababu za kikemia. Wanga wa mtama hauwezi kugeuzwa sukari ipasavyo mpaka uvimbe na kulainika, na jambo hilo hutokea katika joto la takribani nyuzi 70 za Selsiasi. Kwa upande mwingine, vimeng'enya vya kimea hufanya kazi vizuri zaidi karibu na nyuzi 60 hadi 65, na joto likizidi sana kiwango hicho huharibika upesi. Mtengenezaji wa bia ya shayiri hana tatizo hili kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa wanga wa shayiri hulainika katika joto lile lile linalofaa vimeng'enya vyake. Mpishi wa mtama hukabiliwa na mahitaji mawili yasiyokutana. Suluhisho lake ni kuyatenganisha kwa wakati: kwanza kupika, halafu kupoza, ndipo kutia kimea. Kwa maneno mengine, utaratibu wa upikaji wenyewe hubeba kipimo ndani yake.

Alama za kipimo hicho ni tatu. Ya kwanza ni mchemko, ambao hauhitaji chombo chochote ili kutambuliwa. Ya pili ni mkono. Kidole hustahimili maji ya nyuzi 50 kwa muda mfupi tu, na kikitiwa katika maji ya nyuzi 60 hutolewa mara moja. Maji ya vuguvugu, yasiyosikika kuwa ya moto wala baridi, yako karibu na joto la mwili, yaani nyuzi 37. Alama hii ya mwisho inafaa sana kwa hatua ya chachu, ambayo hudhoofika joto linapozidi nyuzi 40. Alama ya tatu ni uwiano. Kila mtu aliyewahi kuandaa maji ya kuoga anajua kuchanganya ya moto na ya baridi kwa kata. Tukichukua maji ya Mpwapwa yanayochemka kwa nyuzi 96 na maji ya mtungini yenye nyuzi 25, kata moja ya kila aina huleta takribani nyuzi 60, na kata mbili za moto kwa moja ya baridi huleta takribani nyuzi 72. Chungu chenyewe hunyonya sehemu ya joto, lakini uwiano ukirudiwa katika chungu kile kile, matokeo nayo hurudi yale yale.

Haifai kuziona alama hizi kuwa dalili ya kubaki nyuma. Huko Uingereza, kabla ya katikati ya karne ya 18, watengenezaji wa bia walichanganya maji yaliyochemka na ya baridi kwa vipimo, au walisubiri mvuke upungue mpaka mtu aweze kuona uso wake katika maji. Fahrenheit alitengeneza kipimajoto cha zebaki mwaka 1714, lakini ni Michael Combrune, mtengenezaji bia wa London, aliyekitetea kwa maandishi mwaka 1758 na tena 1762. Karibu nusu karne ilipita kati ya kupatikana kwa chombo na kukubalika kwake katika kazi hiyo.

3.0 Kipimajoto Njiani na Maabarani

Vipimajoto vya mwanzo vilivyotiwa katika maji ya moto katika nyanda hizi havikutafuta joto la pombe. Richard Burton na John Hanning Speke walivuka Ugogo mwaka 1857 wakielekea Ujiji. Wasafiri wa zama hizo walipima kimo cha nchi kwa kuchemsha maji, kwa kuwa kiwango cha mchemko hushuka kwa takribani nyuzi moja kwa kila mita 300 za kupanda. Vyombo vyao vilipoharibika, walitegemea kipimajoto cha kawaida cha maji ya kuoga. Kwa njia hiyo Ziwa Tanganyika lilikadiriwa kuwa na kimo cha futi 1,850, ilhali kimo chake halisi ni zaidi ya futi 2,500. Kosa la chini ya nyuzi moja liliteremsha ziwa kwa zaidi ya mita 200. Funzo la tukio hilo litarejewa katika sehemu ya tano.

Mpwapwa ilikuwa kituo muhimu cha misafara, kwa sababu ya maji na chakula kilichopatikana kabla ya kuvuka nyika kavu ya Marenga Mkali. Misheni ya CMS ilianza hapo mwaka 1876 na kuimarishwa mwaka 1878, ikiwa na daktari E. J. Baxter miongoni mwa watumishi wake. Wajerumani nao waliweka kituo chao mwaka 1887. Katika kipindi cha Waingereza, Mpwapwa ikawa makao ya Idara ya Mifugo na maabara yake, na huko ndiko ilikozalishwa aina ya ng'ombe inayoitwa Mpwapwa. Utafiti wa sotoka na magonjwa mengine ya mifugo haukuwezekana bila kupima homa ya ng'ombe. Kwa hiyo, katika mji mmoja, joto la mnyama liliandikwa katika daftari la serikali, huku joto la chungu likibaki katika mkono wa mpishi. Tofauti hiyo inatuonesha ni ujuzi upi uliohesabiwa kuwa maarifa.

4.0 Kiwanda, Sheria na Chungu

Bia ya kiwandani iliingia Tanganyika ikiwa na vipimo vyake. Kampuni ya Tanganyika Breweries ilianza Dar es Salaam katika miaka ya 1930, na mwaka 1936 iliungana na kampuni ya Kenya na kuunda East African Breweries. Baadaye hata pombe ya nafaka ilitengenezwa kiwandani: kibuku, kilichotengenezwa Dar es Salaam na Kampuni ya Darbrew. Kibuku kinathibitisha kwamba pombe ya aina hii inaweza kupimwa kwa nyuzi bila kupoteza asili yake.

Pombe ya nyumbani haikufuata njia hiyo. Watawala waliitazama kama chanzo cha mapato kupitia ushuru wa vilabu, kama kisababishi cha fujo, na katika miaka ya uhaba kama mlaji wa nafaka aliyepaswa kuzuiwa. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 iliendeleza utaratibu wa leseni. Leseni huuliza pombe inauzwa wapi na saa ngapi. Haiulizi ilipikwa katika joto gani. Aidha, wapishi wengi walikuwa wanawake, ambao elimu ya ufundi ya serikali haikuwalenga katika kazi hii. Matokeo yake, mpishi alikutana na dola kwa njia ya karani wa ushuru na askari, na mara chache sana kwa njia ya mwalimu wa ufundi.

5.0 Kufunga Kipimajoto: Masharti na Mipaka

Mabadiliko ya vyombo yameibua upya suala la kipimo. Chungu cha udongo hupoa polepole, na mpishi aliyekizoea hujua mwendo wake. Pipa la chuma la lita 200 hupata moto haraka upande wa chini na hupoa kwa namna tofauti; mazoea ya chungu hayahamishiki yote. Hapa ndipo kipimajoto kina faida ya wazi.

Masharti yake ni manne. Kwanza, kipimajoto cha kioo chenye zebaki hakifai kabisa, kwa kuwa kikivunjika huchafua chakula kwa sumu. Kinachofaa ni cha chuma kisichoshika kutu, chenye uso wa mshale na mkia mrefu. Pili, tundu litobolewe ubavuni, juu ya kitako na chini ya kina cha kawaida cha uji, na mkia ufike mbali na ukuta wa pipa, la sivyo utasoma joto la chuma badala ya joto la uji. Chungu cha udongo kisitobolewe. Kwa chombo hicho kipimajoto cha kuchovya kinatosha. Tatu, uji mzito ukorogwe kabla ya kusoma, kwa maana chini na juu havilingani. Nne, kipimajoto kihakikiwe. Mji wa Mpwapwa uko katika kimo cha takribani mita 1,000, hivyo maji huchemka kati ya nyuzi 96 na 97. Mpishi anayefuata kitabu kilichoandikwa pwani au Ulaya, akirekebisha mshale usome 100 wakati wa mchemko, atakuwa ameingiza kosa la zaidi ya nyuzi tatu katika kila kipimo. Ndilo kosa la Speke katika sura nyingine: chombo kisichohakikiwa hudanganya kwa tarakimu, na tarakimu huaminika kuliko kidole.

Mipaka nayo itajwe. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilikumbwa na mlipuko wa sumukuvu uliohusishwa na mahindi, na watu walipoteza maisha. Sumukuvu haiondolewi na mchemko wa kawaida, wala haionekani katika kipimajoto. Nafaka iliyoota ukungu ikifanywa kimea, usahihi wa nyuzi hauwezi kuiokoa. Jicho la mpishi anayechambua punje kabla ya kuloweka bado ni kinga ambayo chombo hiki hakiwezi kuchukua nafasi yake.

6.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba kipimajoto kilikuwapo katika nyanda za kati kwa zaidi ya karne moja na nusu, kikipima vimo vya nchi, homa za mifugo na bia ya kiwandani. Chungu cha nyumbani kilibaki nje ya mzunguko huo kwa sababu kilikuwa na vipimo vyake, na kwa sababu hakuna mamlaka iliyoona haja ya kuvijua. Mtafiti atakayeendeleza kazi hii anashauriwa kuanza na alama za wapishi wenyewe, azipime kwa nyuzi katika chungu na katika pipa, ndipo aseme ni wapi chombo kinaongeza kitu. Kipimajoto kikifungwa kwa utaratibu huo, kitakuwa kimeandika ujuzi uliokuwapo, na kitapunguza nafaka inayomwagwa katika wilaya isiyo na nafaka ya kumwaga.