Aina za Maadui na Zizi la Hyrax Hill

Huenda umewahi kucheza, au kumtazama mwenzako akicheza, ule mchezo wa kompyuta uitwao Minecraft, uliotolewa kamili mwaka 2011. Mchezaji hujikuta peke yake katika nchi tupu. Mchana hukata miti, huchimba mawe na kulima. Jua likitua hana budi awe amekwisha jenga kibanda, kwa maana gizani huzuka maadui. Kuna wafu watembeao, ambao huja polepole na kugonga mlango. Kuna mifupa yenye pinde, ambayo hupiga kwa mbali. Kuna kiumbe cha kijani ambacho hunyemelea kimya, kikifika karibu hupasuka na kubomoa ukuta. Tena wako wanyama kama mbwa mwitu, ambao hawamdhuru mtu mpaka awachokoze. Upanga mkali haumtoshi mchezaji. Yampasa kwanza kujua ni adui wa aina gani anayemjia.

Mchezo huo ulitungwa Uswidi, walakini mambo yaliyomo yalikwisha tendeka hapa petu, katika Bonde la Ufa, mamia ya miaka kabla ya kompyuta. Wazee wa kale nao walifanya kazi zao mchana huku wakiufikiri usiku. Ushahidi wa kazi yao ungalipo juu ya ardhi, nawe waweza kwenda kuuona kwa macho yako.

Ukitoka mjini Nakuru kuelekea upande wa Nairobi, baada ya kiasi cha kilomita 4 utakikuta kilima cha mawe kiitwacho Hyrax Hill, yaani Kilima cha Pimbi. Louis Leakey alitambua mwaka 1926 kwamba mahali hapo pana mabaki ya watu wa kale, na mkewe, Mary Leakey, alipachimba mwaka 1937 na 1938. Tangu mwaka 1943 kilima hicho kinahifadhiwa kwa sheria, na makumbusho yake yalifunguliwa mwaka 1965.

Ubavuni mwa kilima utaona mashimo ya mviringo yaliyoota majani, mengine yakiwa na upana wa hatua 10 au zaidi. Watu wengi wamepita hapo wasijue wanalolitazama. Hapo kwanza ilidhaniwa kwamba yalikuwa nyumba za watu walioishi chini ya ardhi. Baadaye mwanahistoria John Sutton aliyachunguza mashimo ya namna hiyo katika nyanda za magharibi ya Kenya, akaeleza kwamba yalikuwa mazizi ya ng'ombe. Wazee wa Kikalenjin husimulia kwamba waliyoyachimba ni watu walioitwa Sirikwa, waliokaa katika nchi hii kabla yao. Wataalamu huyaweka mazizi hayo, kwa jumla, kati ya mwaka 1200 na miaka ya 1700.

Tazama jinsi zizi lilivyojengwa. Lilichimbwa katika mteremko, na kuzungushiwa ua. Mlango wake ulikuwa mmoja, mwembamba, upande wa chini, ili maji na samadi vipate kutoka. Samadi hiyo ilitupwa nje, ikawa kichuguu kando ya mlango. Nyumba ya mwenye ng'ombe iliungana na zizi, na mlango wake ulifungukia ndani ya zizi lenyewe. Maana ya mpango huu ni nini? Ni kwamba mtu wala mnyama hakuweza kuwafikia ng'ombe ila kwa njia moja tu, na njia hiyo ilikuwa karibu na masikio ya wenyewe waliolala. Kila jembe la udongo lililotolewa hapo lilikuwa jibu kwa adui fulani. Basi na tuwapange maadui hao mmoja mmoja.

Adui wa kwanza alikuwa mnyama mkali: simba, chui na fisi. Huyu huja kwa sababu ya njaa, na akishiba huenda zake. Hana kinyongo wala hila ya kudumu. Ua, moto na mbwa hodari vilimtosha. Siku hizi mambo yamegeuka katika nchi hiyo hiyo, kwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru imezungushwa ua wa waya pande zote, na simba ndiye aliye ndani ya boma.

Adui wa pili alikuwa mwizi wa mifugo. Huyu ana akili kama mwenye ng'ombe, naye hujua usiku upi hauna mwezi. Lile zizi lenye mlango mmoja lilikuwa dawa yake, kwa maana ng'ombe hawakuweza kutolewa ila mmoja mmoja, na kwa kelele nyingi. Lakini ngome iliyowekwa kwa ajili ya wezi wachache haiwi ngome mbele ya jeshi. Walipoenea Wamaasai katika bonde hili, wenye makundi makubwa ya ng'ombe na vikosi vya morani, mazizi yale madogo hayakufaa tena. Yakaachwa, na wenyewe wakachanganyika na majirani zao. Nao Wamaasai hawakuokoka vita vya wenyewe kwa wenyewe. Katika miaka ya 1870 Wapurko na wenzao waliwavunja Walaikipiak, na masimulizi ya nchi husema kwamba wapiganaji wengi wa Laikipiak walitupwa katika shimo la Menengai, mlima unaouona ukisimama mjini Nakuru.

Adui wa tatu hakuwa na miguu wala meno. Katika miaka ya 1880 homa ya mapafu iliwaingia ng'ombe wa Wamaasai. Kisha ikaja sotoka. Maradhi haya yaliingia Afrika ya mashariki mwaka 1887, katika bandari ya Massawa, pamoja na ng'ombe walioletwa kwa ajili ya jeshi la Waitalia. Yakashuka kusini nchi baada ya nchi, na kufikia mwaka 1891 yalikuwa yameyaingia malisho yetu. Ng'ombe walikufa makundi kwa makundi, hata nyati wa porini hawakusalimika. Mwaka 1892 ndui ikawafuata watu waliokwisha dhoofika kwa njaa. Wamaasai waliita msiba huo Emutai, yaani maangamizi.

Hapa boma lilifaa nini? Boma lililomzuia simba ndilo lililowabana ng'ombe pua kwa pua, mgonjwa akamwambukiza mzima. Adui huyu hakushindwa kwa ukuta wala kwa mkuki. Alishindwa kwa elimu. Walter Plowright na wenzake, wakifanya kazi Muguga karibu na Nairobi, walitengeneza chanjo bora ya sotoka karibu na mwaka 1960, na mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani. Ndui ilikuwa imekwisha kutangazwa hivyo mwaka 1980.

Adui wa nne alikuja mchana, kwa salamu na karatasi. Reli kutoka Mombasa ilifika Nakuru mwaka 1900. Walowezi walipoitamani nchi iliyo kando ya reli, serikali ya Waingereza ilifanya mapatano na Olonana na viongozi wengine wa Wamaasai mwaka 1904. Wamaasai wakayaacha malisho ya Naivasha na Nakuru, wengi wao wakahamia Laikipia, kwa ahadi kwamba nchi waliyopewa itakuwa yao maadamu kabila lao lipo. Ahadi hiyo haikutimiza hata miaka 10. Mwaka 1911 yalifanywa mapatano mengine ya kuwahamisha kutoka Laikipia kwenda kusini. Parsaloi Ole Gilisho na wenzake wakaipeleka serikali mahakamani, na mwaka 1913 wakashindwa. Dhidi ya adui wa namna hii silaha ni kujua kusoma, kuuliza, na kutotia sahihi neno usilolielewa.

Sasa, mwanafunzi, yakupasa kutazama jambo moja ambalo mchezo wa kompyuta haukufundishi. Katika mchezo, yule afufukaye gizani ni adui leo, ni adui kesho, na kazi yako ni kumwua. Historia ya binadamu haiko hivyo. Hata wakati morani wa Kimaasai na vijana wa Kikuyu walipokuwa wakinyang'anyana ng'ombe, wanawake wa Kikuyu walijitwika nafaka na vibuyu, wakaenda kufanya biashara katika maboma ya Wamaasai, wakarudi kwa amani. Katika Emutai, jamaa za Kimaasai zilizokuwa zikifa njaa ziliwapeleka watoto wao kwa Wakikuyu wapate chakula, na baadhi ya watoto hao walilelewa huko wakawa watu wa huko. Mtu aliyechungwa jana kwa mkuki akawa mlezi leo. Je, simba aliwahi kumlelea mtu mtoto? Je, sotoka iliwahi kuoa kwetu? Basi mtu hawezi kupangwa safu moja na simba na sotoka.

Na hilo ndilo kosa lililotugharimu sana katika bonde hili. Mwaka 1992 upande wa Molo, mwaka 1998 upande wa Njoro, na tena mwanzoni mwa mwaka 2008 katika Nakuru na Naivasha, majirani walifukuzana, nyumba zikachomwa, watu wakauawa. Kabla ya moto lilitangulia neno. Katika siasa za miaka ile watu waliokuwa wameishi na kulima pamoja waliitwa madoadoa, kana kwamba ni uchafu katika nguo. Mtu akishaitwa doa, mwenzake haoni tena kwamba ni baba wa mtoto asomaye na mwanawe. Humwona kama mfu atembeaye wa katika mchezo, asiye na jina wala mama. Tume iliyochunguza ghasia zilizofuata uchaguzi wa mwaka 2007 ilihesabu watu 1,133 waliokufa nchini. Katika mchezo mchezaji akiuawa huamka tena kando ya kitanda chake. Katika hao 1,133 hakuna aliyeamka.

Huyu, msomaji, ndiye adui wa tano: neno linalomgeuza jirani kuwa windo. Ni mbaya kuliko wote, kwa kuwa hapiti mlangoni. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Yeye hukaa kinywani mwa mtu umpendaye, labda rafiki, labda mjomba, naye husemwa kwa mzaha kwanza, kisha kwa hasira. Ua haumzuii, wala chanjo yake haipatikani hospitalini. Huzuiwa na yule anayelisikia na kukataa kulikariri.

Ukipata nafasi, nenda Hyrax Hill na wenzako wa shule. Simama katikati ya shimo moja, uutazame mlango wake mwembamba, kisha utazame mji wa Nakuru ulivyotanda chini na ziwa lake. Kumbuka kwamba walioketi hapo walimjua kila adui kwa namna yake, wakamwekea kila mmoja kinga iliyomfaa kadiri ya uwezo wao. Na siku utakapoambiwa kwamba watu fulani ni adui zako, usikimbilie upanga. Uliza kwanza: ni adui wa aina gani huyu, amenitenda nini, na ni nani anayetaka nimwite hivyo?