Chapati za Malenge Kwenye Meza ya Thanksgiving

Wasee, najua kuna mtu tayari anaandika: Thanksgiving inatuhusu nini sisi wa Umoja na Rongai? Tulia kwanza. Inanihusu mimi, kwa sababu kuna Thanksgiving moja niliiharibu nikiwa nimelala kitandani hapa Nairobi, simu mkononi.

Anti yangu anaishi Lowell, Massachusetts, mji wenye Wakenya wengi. Kazi yake ni kutunza wazee. Alhamisi ya nne ya Novemba, siku yenyewe, huwa anaingia kazini kwa sababu wakifanya kazi sikukuu wanalipwa zaidi. Kwa hivyo kwake sherehe ni Ijumaa. Bata mzinga yupo, lakini anti haamini nyama ambayo haijachemshwa, basi anamkata vipande, anamchemsha, halafu anamkaanga na nyanya na dhania kama kuku wa kienyeji. Kando kuna kachumbari. Na lazima kuwe na chapati za malenge, zile shosho alikuwa akitupikia Krismasi, ila malenge ya anti yanatoka kwenye mkebe, ule ule ambao Wamarekani wananunua wakitaka kupika pai.

Mwaka juzi binamu yangu, ana miaka 15 na amezaliwa huko huko, alikuja na rafiki yake wa shule. Mimi nilikuwa kwenye simu ya video. Binamu akaangalia meza akasema, "Hii si Thanksgiving ya ukweli. Hata siku si yenyewe." Nikacheka. Halafu nikaongeza yangu: "Anti, hapo umepika matanga ya ocha."

Shosho alikuwa amezikwa miezi minne kabla. Anti hakuja mazishi kwa sababu ya karatasi. Manze, nilikumbuka hilo baada ya mdomo kufunguka.

Mwaka jana tulipopiga simu, kwenye meza kulikuwa na bata mzinga mzima wa kuokwa, viazi vya kuponda, mishiri, kranberi, kila kitu. Chapati hakuna. Anti akasema tu, "Si mlitaka ya ukweli?"

Hilo swali lilinikalia. Hiyo ya ukweli ni gani? Nikaanza kusoma.

Hadithi ambayo watoto wa Marekani wanafundishwa inaanza Plymouth, zaidi ya saa moja kwa gari kutoka kwa anti. Mwaka wa 1621, Waingereza waliokuwa wamefika pale mwaka uliotangulia walivuna mavuno yao ya kwanza. Walikuwa wamebaki kama 50. Nusu ya wenzao walikufa baridi ile ya kwanza. Wakala na kusherehekea siku 3, na Massasoit, kiongozi wa Wampanoag, akaja na wanaume kama 90. Fanya hesabu: wageni walikuwa wengi kuliko wenye karamu, na hao wageni ndio walikuwa wenyeji wa ile nchi.

Haya tunayajua kwa sababu mmoja wa Waingereza hao, Edward Winslow, aliandika barua. Ndani ya barua kuna ndege waliowindwa na kulungu 5 walioletwa na Wampanoag. Bata mzinga hatajwi kwa jina. Viazi havikuwepo. Pai ya malenge haikuwepo. Na Winslow mwenyewe hakuiita Thanksgiving. Aliyeibandika jina la "Thanksgiving ya kwanza" ni Alexander Young, mchungaji wa Boston aliyechapisha barua hiyo tena mwaka wa 1841 na kuweka maelezo chini ya ukurasa. Miaka 220 baadaye!

Sasa bata mzinga alipandaje mezani? Hapo anaingia mama mmoja ambaye nyinyi nyote mnamjua bila kumjua. Kama uliwahi kuimba "Mary Had a Little Lamb" pale nasari, maneno hayo ni ya Sarah Josepha Hale. Alikuwa mjane mwenye watoto 5, akaamua kalamu ndiyo itawalisha. Mwaka wa 1827 alitoa riwaya inayoitwa Northwood, na ndani kuna sura ya chakula cha Thanksgiving kule kwao New England, bata mzinga wa kuokwa akiwa amekalishwa kichwani mwa meza kama chifu. Baadaye akawa mhariri wa Godey's Lady's Book, jarida la wanawake lililosomwa sana enzi hizo. Humo alikuwa akichapisha mapishi ya sikukuu hiyo, na wakati huo huo anaandikia magavana na marais barua: tupeni siku moja, nchi nzima. Kila jimbo lilikuwa na tarehe yake, na mengine hayakuwa na habari kabisa. Aliandika miaka kama 17. Mwaka wa 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwaka, akamwandikia Abraham Lincoln, na tarehe 3 Oktoba Lincoln akatangaza Alhamisi ya mwisho ya Novemba. Kampeni ya nchi nzima, bila hashtagi hata moja.

Mishiri nayo? Ukiuliza Mmarekani kuhusu ile sahani ya mishiri iliyookwa na supu nzito ya uyoga, vitunguu vya kukaanga juu, atakuambia ni chakula cha nyanya yake. Ni kweli. Lakini nyanya mwenyewe aliipata kwa kampuni ya supu. Ilibuniwa mwaka wa 1955 na Dorcas Reilly, aliyekuwa akifanya kazi kwenye jikoni la majaribio la Campbell's, Camden, New Jersey. Kazi yake ilikuwa kutafuta mapishi rahisi yatakayofanya watu watumie supu ya mkebe. Leo ikikosekana, kuna nyumba watu wananuniana.

Halafu kuna ile niipendayo kuliko zote. Kranberi ya mkebe inatoka ikiwa imesimama kama bomba, na alama za mkebe ziko bado ubavuni. Kuna familia zinakata vipande kwa kufuata hizo alama. Ukiwaletea ya kupika mwenyewe, ya matunda mabichi, wanakuangalia vibaya. Mkebe ndio mila.

Na wale wa "hata siku si yenyewe", mwaka wa 1939 Novemba ilikuwa na Alhamisi 5. Wafanyabiashara wakalia kwamba muda wa kuuza vitu vya Krismasi utakuwa mfupi, Rais Franklin Roosevelt akairudisha siku nyuma wiki moja. Karibu nusu ya majimbo yakakataa. Texas ikala mara mbili. Sheria ya Alhamisi ya nne ilikuja 1941.

Basi nikamwandikia binamu haya yote, ujumbe mrefu kama insha ya KCSE, nikijiona nimemaliza mambo. Kwamba mishiri yake ni ndogo kwa umri kuliko shosho. Akajibu maneno mawili: "Umesahau Patuxet."

Kumbe shule iliwapeleka Plymouth. Mji huo ulijengwa juu ya kijiji cha Wampanoag kilichoitwa Patuxet, watu wake wakiwa wamemalizwa na ugonjwa. Tisquantum, yule aliyewafundisha Waingereza kupanda mahindi, alikuwa wa kijiji hicho. Alitekwa na nahodha Mwingereza mwaka wa 1614, akapelekwa kuuzwa Uhispania, na aliporudi hakukuta mtu. Massasoit alikula na Waingereza 1621. Mwanawe Metacom akapigana nao vita, akauawa 1676, kichwa chake kikawekwa juu ya mti hapo hapo Plymouth. Ndiyo maana tangu 1970 Wampanoag na wenzao hukutana Plymouth siku ya Thanksgiving kuomboleza. Ilianza pale Wamsutta Frank James alipoalikwa kuhutubia miaka 350 tangu Waingereza wafike, waandaaji wakaona hotuba aliyoiandika, wakamkatalia. Akaenda kusimama kilimani karibu na sanamu ya Massasoit.

Kwa hivyo kuna watu ambao siku hiyo kwao kweli ni matanga. Nilisoma hiyo mara mbili.

Wiki iliyopita binamu akanitumia ujumbe mwingine. Anataka kupika chapati mwaka huu, yeye mwenyewe, anti akiwa kazini. Malenge yanaingia kwenye unga kabla ya maji ama baada? Sikujua. Nikauliza mathe, naye hajui. Anasema shosho alikuwa anapima kwa kiganja, na aliyekuwa akikaa naye jikoni ni anti.

Ikabidi nimpigie anti. Saa tano usiku huku, saa tisa mchana kule, ametoka tu kazini. Kabla ya malenge nikaanza na ile ya matanga.